Kidonge cha Saa 6

Kulikuwa na kidonge kimoja zaidi.

Nilihesabu tena. Ilikuwa Jumatano usiku, Mama ameshalala, taa ya mezani peke yake ndiyo inawaka. Nilikuwa nimevimwaga vidonge vyake kwenye sahani, navisogeza kwa kidole, kimoja kimoja. Vilitakiwa kubaki 41. Vilikuwa 42. Nikaivuta chupa ya vitamini inayokaa pembeni, nikahesabu na humo. Humo kilipungua kimoja.

Vidonge hivyo vinafanana. Vyote ni vya duara, vyote rangi ya njano iliyopauka. Tofauti ni kwamba kidonge cha Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaomtetemesha Mama, kina mstari katikati wa kukigawia nusu, na cha vitamini ni laini pande zote mbili. Hapo ndipo kiganja cha Mama cha saa 6 mchana kiliponijia tena machoni: kimenyooshwa mbele yangu, kinatetemeka, na kidonge nilichokiweka juu yake kinaruka kama punje kwenye ungo.

Hakikuwa na mstari.

Nilikuwa nimempa Mama vitamini mahali pa dawa. Kosa la namna hiyo linaumiza, lakini anayemhudumia mgonjwa kwa miaka analijua, na kuna siku litamkuta. Kilichoninyima usingizi ni kitu kingine. Saa 6 na nusu mchana ule, Mama aliinuka. Aliinuka mwenyewe bila kunishika, akaenda hadi dirishani, akasimama akitazama nje, akarudi, akaketi, akafungua daftari lake na kuandika. Mkono ulikuwa umetulia.

Nilikuwepo. Niliona kwa macho yangu.

Zimepita wiki 5 tangu usiku ule na bado jambo hili halijaniacha. Naandika nipate kulitua.

## Herufi za Mama

Mama alifundisha darasa la kwanza kwa miaka 31. Watoto wa watu walijifunza a, e, i, o, u mkono wake ukiwa juu ya mikono yao. Kwa hiyo ugonjwa ulipoanza kuonekana, ulianzia mahali ambapo yeye mwenyewe asingeweza kuukosa: kwenye mwandiko. Sentensi ilianza na herufi za kawaida, halafu kadiri alivyosogea kulia ndivyo zilivyopungua, hadi neno la mwisho likawa kama mtu anayeonekana kwa mbali barabarani. Alidhani ni macho. Sote tulidhani ni macho.

Leo najua kwamba ugonjwa wenyewe ulikuwa ndani ya nyumba siku nyingi. Alikuwa amepoteza uwezo wa kunusa. Alikuwa akipiga mateke na kupiga kelele usingizini, sisi tunacheka asubuhi. Choo kilikuwa kigumu. Dalili hizo zinaweza kutangulia mtetemo kwa miaka mingi, na mkono unapoanza kutikisika, sehemu kubwa ya zile seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuuongoza mwili, huwa zimeshakufa. Hilo bado linanichoma. Tulikuwa tukicheka.

Daftari alilianzisha mwenyewe wiki ya kwanza ya dawa, kwa nidhamu ya mwalimu. Anameza mara 5: saa 12 asubuhi, saa 3, saa 6, saa 9, saa 12 jioni. Kila mara anaandika saa aliyomeza, saa dawa ilipokolea, saa ilipoisha. Si lazima nisome maneno. Dawa ikiwa imekolea, herufi zinajaa mstari. Ikianza kuisha, zinanywea. Ukikunja macho ukatazama ukurasa mzima kwa mbali, unaona siku yake inavyopanda na kushuka.

Mstari wa Jumatano ile unasema: “6:35. Imekolea. Nimekwenda dirishani.” Herufi nene, zilizosimama wima.

Mstari unaofuata: “7:40. Imeisha.” Herufi za sisimizi. Kwa kawaida dozi ya saa 6 humfikisha hadi saa 8 na nusu hivi. Nakumbuka niliwaza tu kwamba leo dawa imeisha mapema, nikaendelea na shughuli zangu.

## Chungu kimoja

Usiku huo nilifanya kile ambacho kila mwenye mgonjwa hukifanya. Nilikaa kwenye simu hadi alfajiri.

Nikakuta kwamba mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, waliwachukua wagonjwa 6 wa Parkinson, wakawadunga maji ya chumvi huku wagonjwa hawajui kama wanapewa dawa au la, wakapima ubongo wao kwa mashine inayoonyesha dopamini inavyotolewa. Dopamini ilitoka. Na haikutoka matone mawili matatu: kiasi chake kililingana na kile kinachopatikana mgonjwa akipewa dozi ya dawa yenyewe.

Niliisoma sentensi hiyo nimesimama.

Nilikuwa nikijua, kama kila mtu, kwamba mgonjwa akipewa kidonge kitupu anaweza kujisikia nafuu. Nilichokuwa sikijui ni kwamba kwa Parkinson jambo hili lina uzito wa peke yake. Ubongo hutumia dopamini kuusogeza mkono, na hutumia dopamini hiyo hiyo kutarajia jema. Mtu anaponyoosha kiganja akisubiri kidonge ambacho kimemsaidia mara elfu, kule kusubiri kwenyewe kunachota kutoka chungu kile kile ambacho ugonjwa umekitoboa. Kilichobaki humo ni kidogo, lakini kipo, na matumaini yanajua njia ya kukifikia.

Nilimpigia daktari wake kesho yake. Kwanza aliniuliza kama Mama amepata homa, kukakamaa sana au kuchanganyikiwa, kwa kuwa kukatiza dawa hizi ghafla kunaweza kuwa hatari kubwa. Nikamwambia hapana, ni kidonge kimoja, na cha saa 9 alikipata. Akashusha pumzi. Halafu akanituliza kwa namna ambayo haikunituliza: levodopa, ndiyo hiyo dawa ya Mama, akasema, ikitumika muda mrefu huacha akiba ya faida inayoweza kudumu siku kadhaa, na dozi za saa 12 na saa 3 zilikuwa zimeshaingia. Huwezi kuikata ile saa moja vipande ukasema hiki ni cha matumaini na hiki ni cha mabaki.

Ana haki. Siwezi. Pengine robo tatu yake ilikuwa mabaki ya asubuhi.

Ila nawajua Mama na saa zake. Siku ambazo dozi ya saa 6 inachelewa, kwa mfano tukiwa kwenye foleni mahali, saa 6 na nusu huwa ameshaganda kwenye kiti. Hainuki, haendi dirishani.

Na kuganda nako ni fumbo ambalo nimeishi nalo miaka bila kushangaa inavyopaswa. Mlangoni mwa chumba chake miguu yake hukwama kabisa, kama imegundishwa sakafuni. Mwili wa juu unataka kwenda, miguu haitaki, na hapo ndipo watu huanguka. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alitushauri tubandike vipande vya utepe mweupe sakafuni, kimoja kila hatua. Mama akifika mlangoni anatazama utepe, anainua mguu kama anayevuka mfereji, anavuka. Kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu, yuko ndani. Utepe ukibanduka, anakwama tena. Hakuna dawa kwenye utepe. Ubongo umekuta njia kuu imefungwa, ukapita uchochoroni.

## Watu niliowaita waongo

Mwezi mmoja kabla ya Jumatano ile, shangazi alitutumia ujumbe wa sauti. Kuna unga wa mitishamba, alisema, unaponya Parkinson kabisa, kabisa kabisa, na wapo watu wanaoshuhudia. Alituma na video. Mzee mmoja amekaa kwenye kiti, anajifunga kamba za viatu, anatazama kamera na machozi yanamtoka.

Nilijibu kwamba mfa maji haachi kutapatapa. Kisha nikamgeukia Mama nikamwambia, hawa ni waongo, wamelipwa.

Mama hakusema kitu. Uso wake siku hizi hausemi mengi, ugonjwa umeutuliza kama kinyago, na nilichukua ukimya ule kuwa ni kukubaliana.

Sasa nimeirudia video ile mara nyingi. Sidhani tena kwamba yule mzee alikuwa anadanganya. Nadhani kamba alizifunga kweli. Na ninaona njia mbili za jambo hilo kutokea, zote za kweli.

Ya kwanza ni ile niliyoieleza. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani waliwapa wagonjwa 12 sindano mbili za maji ya chumvi, wakawaambia kwamba zote ni dawa na nguvu zake ni sawa, ila moja ni ghali mno na nyingine ni rahisi. Iliyosemwa ni ghali iliwasaidia zaidi kutembeza viungo. Kwa hiyo bei yenyewe ilifanya kazi. Nawaza familia ngapi zimeuza vitu vyao vya thamani, na kule kuuza kukaongeza nafuu ya wiki ile ya kwanza, na nafuu ile ikawa ushahidi.

Ya pili ni upupu. Mmea ule ule unaowasha, ambao tukiwa watoto tulikimbizana nao. Mbegu zake zina levodopa ya asili, tena nyingi, na tiba za jadi za India zimeutumia tangu zamani kwa watu wanaotetemeka. Hata levodopa yenyewe ilitolewa kwa mara ya kwanza kwenye mbegu za mmea wa jamii ya maharage: mwaka 1913 mwanakemia Marcus Guggenheim aliitenga, akajaribu kuimeza mwenyewe, akatapika, na kwa miongo kadhaa hakuna aliyejua kuwa ameshika nini mkononi. Unga ukiwa na upupu ndani, mgonjwa atanyooka. Lakini hajui kijiko hiki kina kiasi gani na kile cha jana kilikuwa na kiasi gani, na akiuongeza juu ya vidonge vyake, mwili unaweza kuanza kujinyonganyonga bila ridhaa yake, au shinikizo la damu likashuka aanguke.

Na muhimu kuliko vyote, si unga wala kidonge cha njano kinachozuia seli kufa. Vyote viwili vinajaza chungu kilichotoboka.

Kwa hiyo hasira yangu haijaisha, imehama tu. Imetoka kwa yule mzee imekwenda kwa anayeuza. Anayekwambia “kupona kabisa” anachukua dopamini iliyotoka kichwani mwako mwenyewe, kwa matumaini yako mwenyewe, anakuuzia.

## Matundu kwenye fuvu

Kuna jaribio moja ambalo niliwahi kulisoma zamani nikalichukia. Matokeo yake yalitoka mwaka 2001, Marekani. Wagonjwa 40. Nusu yao walipandikizwa ubongoni seli za mimba changa zinazotengeneza dopamini. Nusu nyingine walilazwa kwenye meza ile ile ya upasuaji, wakatobolewa fuvu, na hakuna kilichowekwa.

Niliona ni ukatili. Mtu anakuja na maisha yake, unamtoboa kichwa, unamrudisha nyumbani na tundu.

Baada ya Jumatano ile nililisoma upya. Walipofuatiliwa mwaka mzima baadaye, walioamini kwamba wamepandikizwa seli walikuwa na maisha bora kuliko walioamini kwamba hawakupandikizwa. Kilichopimwa hapo ni kuamini, si kupandikizwa. Bila wale 20 waliotobolewa bure, madaktari wangetangaza tiba, na maelfu wangepanga foleni ya kufunguliwa vichwa. Na seli zenyewe zilikuwa na makali yake: baadhi ya waliopandikizwa walikuja kupata mienendo ya mwili isiyozuilika hata wakiacha dawa. Mwaka 2008 ikaja habari nyingine nzito. Kwa baadhi ya watu waliofariki zaidi ya miaka 10 baada ya kupandikizwa, zilionekana ndani ya seli mpya zile zile punje za protini zinazoitwa alfa-sinuklini ambazo ni alama ya Parkinson. Ugonjwa ulikuwa umewafuata wageni hadi chumbani.

Mambo haya yamenibadilisha ninavyosoma habari za tiba. Zamani jaribio likishindwa nilikuwa nahisi tumesalitiwa. Mwaka 2019, Bristol, Uingereza, zilitoka habari za protini iitwayo GDNF iliyokuwa ikipitishwa kwa mirija hadi ndani kabisa ya ubongo. Kipimo kikuu hakikuonyesha tofauti na waliopitishiwa maji matupu. Wakati huo huo baadhi ya washiriki walisema maisha yao yamegeuka, na waliumia sana dawa ilipositishwa. Niliwahi kujiuliza ni nani anayesema kweli kati ya kipimo na mgonjwa. Leo najibu kwamba wote, na huo ndio ugumu wenyewe.

Ekzenatidi, dawa ya kisukari, ilitupa furaha mwaka 2017 katika jaribio dogo la London. Nilimsomea Mama habari ile nikiwa nimemshika bega. Jaribio kubwa la watu 194 lilipokamilika, matokeo yakatoka mwaka 2025: haikusaidia. Sikumsomea.

Kutomsomea kulinijia kichwani sana wiki hizi.

Mwezi Aprili mwaka huo huo wa 2025 zilitangazwa habari za seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuzwa kuwa seli za aina nyingine: wagonjwa 7 Kyoto, Japani, na wengine 12 Marekani na Kanada, walipandikizwa seli zilizokuzwa maabara. Hazikuleta madhara makubwa, na picha za ubongo zinaonyesha zinaishi na kutengeneza dopamini. Moyo wangu uliruka. Lakini hakukuwa na kundi la kulinganisha, hakuna aliyetobolewa bure, na mimi sasa najua kidonge cha vitamini kinaweza kumfikisha mtu dirishani. Kwa mmoja wa miradi hiyo, awamu inayofuata imepangwa iwe na kundi la upasuaji wa kuigiza. Safari hii nimewaombea hao watakaotobolewa bure.

Nikiulizwa langu la moyoni, linalonipa nguvu zaidi si seli. Ni kile kipimo kilichothibitishwa mwaka 2023, kinachoweza kuiona alfa-sinuklini iliyoharibika kwenye maji ya uti wa mgongo, hata kwa baadhi ya watu ambao bado hawajaanza kutetemeka. Karibu majaribio yote tuliyoyalilia yalianza nyumba ikiwa imeshaungua. Nakumbuka na habari za Joy Milne wa Uskoti, aliyenusa harufu ya mumewe ikibadilika miaka mingi kabla ya mume kuambiwa ana Parkinson. Watafiti wa Edinburgh walimpa fulana 12 anuse, nusu za wagonjwa, nusu za wasio wagonjwa. Alikosea moja tu, akamtaja mtu asiye mgonjwa kuwa mgonjwa. Miezi michache baadaye mtu huyo naye akaambiwa ana Parkinson. Yaani hakukosea hata moja. Ugonjwa unatoa taarifa mapema, tungekuwa na wa kuzisikia. Tungekuwa hatucheki asubuhi.

## Dada alisema nyamaza

Dada yangu nilimweleza yote wiki ya pili. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Usimwambie.”

Hoja yake ilikuwa nzito. Kuna ndugu aliwahi kumwambia Mama usoni kwamba anajiendekeza, kwamba akiamua anaweza kutembea, mbona jana alitembea. Anayeishi na Parkinson analijua jeraha hili. Saa moja unatembea, saa inayofuata huwezi kugeuka kitandani, na watu wanaona hiyo saa ya kwanza tu. Sasa mimi niende nikamwambie kwamba Jumatano alinyanyuka kwa vitamini? Si nitakuwa nimempa yule ndugu ushindi? Na je, akianza kukitilia shaka kidonge chenyewe? Kama kusubiri kuna sehemu yake katika nafuu, na mimi nikauvunja ule utulivu wa kusubiri, nitakuwa nimempunguzia dozi kwa mdomo wangu.

Sikuwa na jibu. Kwa wiki mbili nilinyamaza, na kila saa 6 nilipoweka kidonge kwenye kiganja chake nilishindwa kumtazama machoni.

Kilichonigeuza ni utafiti mwingine wa watu wale wale wa British Columbia, wa mwaka 2010. Wagonjwa waligawanywa makundi na kila kundi likaambiwa uwezekano tofauti wa kupewa dawa ya kweli: asilimia 25, 50, 75 au 100. Wote wakapewa kidonge kitupu. Dopamini ilitoka kwa kiwango cha maana kwa walioambiwa asilimia 75. Kwa walioahidiwa 100, haikutoka hivyo.

Sitaki kuubebesha mzigo usio wake, ni utafiti mmoja. Lakini ulinikalia. Nilikuwa nikiamini kwamba kumlinda Mama ni kumpa hakika: habari njema nasoma, mbaya nafunga. Kumbe walioahidiwa bila shaka yoyote si wao ubongo wao ulioamka. Walioamka ni walioambiwa kwamba kuna nafasi nzuri, na kuna nafasi ya kukosa.

Na kilikuwepo kingine, cha karibu zaidi. Mama ndiye aliyelianzisha daftari. Amefundisha miaka 31, hajawahi kumpa mtoto alama asiyostahili. Mimi nilikuwa nimeacha mstari wa uongo ndani ya daftari lake.

## Dirishani

Nilimwambia Jumapili iliyopita, saa 8 na dakika 20 mchana. Dawa ilikuwa inaelekea kuisha, na sikupanga hivyo, ndivyo maneno yalivyotoka. Nilimweleza kidonge, sahani, hesabu ya 41 na 42. Nikamwomba radhi. Nikamweleza na wale wagonjwa 6 wa Kanada, na nilipofika kwenye ekzenatidi nikamwambia pia kwamba nilimficha. Nilisema kwa haraka mno na sauti yangu ilikuwa inapanda.

Uso wake haukubadilika. Nimeshajifunza kutousoma uso, huwa nasoma macho, ila macho alikuwa ameyaelekeza dirishani.

Sauti yake siku hizi ni ndogo, lazima usogee. Nilisogea.

“Kwa hiyo siku ile,” alisema, “nilikwenda mwenyewe.”

Nikasema daktari anadhani mabaki ya dozi za asubuhi yalisaidia. Nikasema hatuwezi kujua ni kiasi gani.

“Nimekusikia. Nilikwenda mwenyewe.”

Akaomba daftari. Nililifungua kwenye ukurasa wa Jumatano ile, akautazama kwa muda mrefu, ule mstari wa herufi nene na ule wa sisimizi chini yake. Kisha akaomba kalamu. Nilidhani ataandika neno “vitamini” pembeni, nikaanza kumwambia nitaandika mimi. Hakunijibu. Alishika kalamu, mkono ukaanza kucheza, akaukandamiza kwa mkono wa pili, akasubiri, akasubiri tena, na pembeni ya “Nimekwenda dirishani” akaweka tiki. Ilitoka imepinda na mkia wake ulifika hadi mstari wa chini. Aliiacha hivyo hivyo.

“Mwanangu, ile ya shangazi yako,” alisema baadaye. “Ule unga. Mwambie tumesikia, hatuutaki. Lakini yule mzee usimwite tena mwongo.”

“Sawa, Mama.”

Saa 9 ikafika. Nikaleta kidonge na maji, nikakiweka kwenye kiganja. Alikigeuza kwa ukucha wa kidole gumba, taratibu, hadi akauona mstari. Akameza.